Nia na Karanga za Kongwa

Methali isemayo penye nia pana njia tumeisikia mimbarani, shuleni na kwenye vikao vya harusi mpaka hatuulizi tena inasema nini. Sisi tunaoishi wilaya ya Kongwa tunayo sababu ya kuiuliza. Si mbali na hapa Kibaigwa, katika udongo huu huu tunaoulima, nia kubwa kuliko zote zilizopata kuletwa katika nchi ya Wagogo ilifika ikiwa na fedha, mashine na serikali ya dola kubwa nyuma yake. Njia haikuonekana.

Wazee waliokuwa vijana wakati ule waliuita mradi wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Majarini ilitolewa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ya chama cha Labour ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa nchini, aje kupima jambo hilo pamoja na wenzake wawili. Walitumia majuma machache tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na hesabu ya ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yake Tanganyika. John Strachey, waziri wa chakula, akaukubali mpango huo na kuutetea bungeni.

Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Matrekta mengi yalikuwa mitumba iliyobaki vitani, mengine yakiwa yameletwa kutoka Ufilipino, nayo yaliharibika moja baada ya jingine. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, visifue dafu mbele ya vichaka vyetu na mizizi yake. Njia ya reli ya tawi ilijengwa kutoka Msagali. Jenerali Desmond Harrison akawekwa kusimamia, na kambi ikaendeshwa kijeshi. Mwaka huo wa kwanza zilipandwa ekari zisizofika 10,000.

Kisha udongo ukasema la kwake. Anayelima Kongwa anajua: mvua ikiukata mapema, udongo huu mwekundu hukauka ukawa kama tofali, na karanga ni zao linalochimbwa. Mchanga wake mkali uliyala majembe ya mashine. Na mvua yenyewe ni ile tunayoijua, mwaka huu inakuja na mwaka ujao inapita kando. Wagogo walikuwa wakipanda uwele na mtama kwa sababu hiyo hasa, na karanga wakaziweka katika vishamba vidogo vya kujaribia bahati. Hakuna shamba la majaribio lililolimwa kwanza ili kuona kama yale yaliyoandikwa karatasini yatakubaliana na ardhi. Malengo yalipunguzwa, yakapunguzwa tena, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule. Pauni milioni 36 zilifutwa katika vitabu.

Wengi waliosimulia habari hii wamemalizia kwa kusema kwamba nia ilikuwa njema ila utekelezaji ulikuwa mbaya. Sisi hatuoni kwamba jambo hilo limekwisha hapo. Tunavyotumia neno nia, tunalifanya liwe kitu kilichofichwa moyoni, salama kabisa, ambacho matendo hayawezi kukigusa. Mtu huvunja, kisha husema sikukusudia, na mazungumzo yanafungwa.

Maandiko hayaridhiki upesi namna hiyo. Katika Hesabu sura ya 35, pale inapotengwa miji ya kukimbilia kwa aliyemwua mwenzake bila kukusudia, watu wa mkutano hawaambiwi wamwulize mtu anajisikiaje moyoni. Wanatakiwa kuangalia alishika nini mkononi, chuma au jiwe au mti, kama alikuwa na chuki ya zamani, kama alimvizia. Nia inasomwa katika chombo na katika maandalizi. Mahakama zetu leo hufuata njia inayofanana na hiyo zinapotenga kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia.

Miaka michache baada ya Kongwa kufungwa, swali hili lilizuka Oxford. Mwaka 1956 chuo kikuu kile kiliamua kumpa Harry Truman shahada ya heshima. Elizabeth Anscombe, mwalimu wa falsafa na Mkatoliki, akapinga akiwa karibu peke yake, kwa sababu Truman ndiye aliyeamuru mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Watetezi walisema alikusudia tu kumaliza vita. Anscombe aliona kwamba mtu hawezi kuchagua nia yake kwa kujinong'oneza maneno mazuri: aliyechagua kuwaua raia ili vita viishe amekusudia kuwaua, kwa kuwa ndiyo njia aliyoishika. Mwaka 1957 akatoa kitabu kuhusu nia. Humo ameeleza mfano ambao sisi watu wa gulio tunauelewa bila taabu. Mtu anakwenda sokoni na orodha ya vitu vya kununua. Mwingine anamfuata akiandika kila anachokitia kikapuni. Karatasi na kikapu visipolingana, yule mfuatiliaji atasahihisha karatasi yake. Mnunuzi hasahihishi orodha. Kosa lake limo kikapuni, na inampasa arudi sokoni.

Tukiipima Kongwa kwa mfano huu, tunaona wakubwa wale wakifuta orodha kila kikapu kilipopungua. Tena tukiuliza kwa nini, hatua kwa hatua, ndipo habari inapofunguka. Kwa nini tingatinga linang'oa vichaka? Ili zipandwe karanga. Kwa nini karanga? Ili yapatikane mafuta. Kwa nini mafuta? Ili mgao wa majarini Uingereza uongezwe, na dola za kununulia mafuta kwingine zisitumike. Katika mnyororo huo Mgogo hayumo. Alitajwa katika hotuba, kwamba atajifunza kilimo cha kisasa na nchi yake itaendelea, na huenda waliosema hivyo waliamini. Lakini alitajwa kama baraka itakayodondoka kando ya safari. Ndiyo maana haikuonekana haja ya kumwuliza habari za mvua.

Kwa hiyo hatukubali kwamba nia ilikuwa njema na mikono ikawa mibaya. Nia ilikuwepo, na ilikuwa ya majarini kwa haraka. Yule mwenye kutaka mnara katika Luka 14 anaagizwa aketi kwanza akahesabu gharama, na tumezoea kulisoma hilo kama somo la busara ya fedha. Linagusa zaidi. Asiyekaa kuhesabu bado hajanuia mnara. Anatamani tu kuonekana amejenga. Tunalisema hili tukizijua kadi za ahadi zinazojazwa makanisani kwetu msimu wa mahindi, malori yanapopanga foleni sokoni na kila mmoja ana sauti. Kuna misingi ya majengo ya ibada kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro ambayo imeota nyasi, na kila mmoja ulianza kwa shangwe. Katika mfano wa wana wawili, Mathayo 21, aliyesema naenda hakwenda, na aliyekataa akaenda shambani. Yesu aliuliza swali moja tu: nani aliyatenda mapenzi ya baba.

Stesheni iliyoachwa na reli ya karanga haikubaki tupu. Tangu mwaka 1964 serikali ya Tanganyika, kisha Tanzania, iliwapa wapigania uhuru eneo la Kongwa wawe na kambi. FRELIMO walitangulia, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wa kambi. Wakafuata SWAPO, ANC na wengine. Hawakuwa na pauni milioni 36. Walilima mboga, walifanya mazoezi na walingoja, wengine miaka mingi kuliko walivyodhani. Kambini kulikuwa na manung'uniko na mafarakano, wala si kila aliyekuja alidumu. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, Namibia mwaka 1990, na Afrika Kusini ikapiga kura ya watu wote mwaka 1994. Baadhi yao hawakuuona mwaka hata mmoja kati ya hiyo. Makaburi yao yapo Kongwa.