Kutu ya Mahindi na Ngao ya Urithi

Upitapo uwanjani baada ya mvua, inama uyachungue majani ya nyasi. Huenda ukaona madoa ya hudhurungi, nawe ukiyagusa yatakuachia vumbi kidoleni. Hiyo ni kutu. Si kutu ya chuma, bali ni ukungu ulao majani mabichi. Nayo mahindi, mtama na wimbi, vyakula vya watu wa Kitui na Makueni, ni jamii moja na nyasi hizo, na kila mmoja una adui wa namna hiyo.

Mahindi si mmea wa asili ya Afrika. Wareno waliyaleta kutoka Amerika katika karne ya 16. Kutu moja kali ya huko, ambayo wataalamu huiita Puccinia polysora, haikuvuka bahari pamoja nayo. Kwa muda wa miaka 400 hivi mahindi yetu hayakumjua adui huyo. Mmea dhaifu ulizaa sawa na mmea hodari, hata nguvu ya kumpinga ikafifia. Kutu ilipoonekana Sierra Leone mwaka 1949, iliyateketeza mahindi ya Afrika Magharibi. Na kufikia mwaka 1952 ilikuwa imekwisha ingia Kenya. Mbegu za ukungu ni nyepesi, hupeperushwa na upepo, wala hazizuiliwi na mpaka.

Huko Muguga, karibu na Nairobi, mtaalamu H. H. Storey na wenzake wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki walitafuta dawa katika urithi wenyewe. Waliagiza mbegu kutoka Amerika, alikozaliwa adui, wakapata mimea isiyougua. Waliichanganya na mahindi ya hapa, na mwaka 1957 wakatangaza jeni mbili zilizobeba kinga hiyo. Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Vivyo hivyo mtoto wa mhindi hodari huweza kuurithi uhodari wa mzazi.

Lakini ukungu nao una uzao wake. Punde zikatokea aina za kutu zilizoweza kuipenya kinga ya jeni moja. Ngao moja, hata iwe nzuri namna gani, adui hujifunza kuitoboa.

Je, njaa iliepukwaje? Tazama mashamba ya wakulima wadogo. Mimea iliyougua sana ilizaa haba. Iliyovumilia ilizaa mahindi manene, na hayo ndiyo mama aliyoyachagua kuwa mbegu, akayatundika juu ya meko. Msimu baada ya msimu, vijinguvu vidogo vidogo vingi vilikusanyika katika mbegu. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miaka michache ukali wa ugonjwa ulipungua, kwa sababu mmea haukutegemea ngao moja, bali nyingi.

Basi, wewe uliye Kitui au Makueni, ambako mvua ikijaliwa huvunwa mara mbili kwa mwaka, usiidharau mbegu ya nyumbani. Ipokee ile ya wataalamu kwa shukrani, maana maarifa ni mali. Lakini mbegu za kale zisipotee zote. Adui wa kesho hatumjui, na ngao itakayomzuia huenda imelala ghalani mwa bibi yako.