Chukudu: kazi ya mikono iliyobeba Goma

Leo siwaletei bei ya sokoni wala habari ya barabara iliyofungwa. Nawaletea historia ya kitu ambacho wengi wenu mlikijua kabla ya kujua kusoma.

Juma lililopita, hapa Katoyi, niliona mtoto wa miaka kama kumi na miwili akiteremka na chukudu ndogo aliyoichonga mwenyewe. Mzee mmoja fundi alimsimamisha, akaipindua, akamwonyesha kwamba tundu la gurudumu la mbele halikukaa katikati. Mtoto hakukasirika. Aliibeba mabegani, akarudi kuitengeneza. Nikajiuliza: huyu mzee naye alifundishwa na nani?

Jibu linatupeleka miaka ya 1970, nchi ilipoitwa Zaire. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zichukuliwe na raia. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka, na uchumi ukaanguka nayo. Vipuri vikawa haba, barabara zikaharibika. Mkulima wa milimani alikuwa na viazi, lakini lori halikuja. Alichokuwa nacho ni shoka, panga, mti na mteremko wa kushuka mpaka Goma. Katika miaka hiyo ndipo chukudu ilipoanza kuonekana katika Kivu ya Kaskazini.

Haina mvumbuzi mmoja wa kuandikwa kwenye kitabu. Ni kazi ya vijiji: huyu anachonga, yule anaiga, wa tatu anarekebisha. Majirani zetu wa Rwanda wanayo pia, wanaiita igicugutu. Hata mbali kule Ufilipino, Waifugao wa milima ya Banaue huchonga skuta za mbao. Penye mlima, mti na shida, akili za watu hukutana bila kupigiana simu.

Tazameni namna inavyotengenezwa. Mwili wake ni wa mkaratusi au wa mumba, mti mgumu usiopasuka haraka. Magurudumu huchongwa kwa mbao, kisha huvishwa kipande cha pine kuukuu ili yasiliwe na mawe yetu ya volkano. Usukani hupigwa spring, ili mtikisiko usivunje mikono. Juu ya ubao huwekwa kipande laini cha kupigia goti, kwa sababu mwendeshaji husukuma kwa mguu mmoja na goti la pili hukaa hapo. Breki ni mpira unaokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Fundi mzoefu huimaliza kwa siku moja hadi tatu. Ile kubwa ya mita mbili hubeba zaidi ya kilo 300, na hudumu miaka miwili au mitatu.

Ndiyo maana kila fundi anajua chukudu yake hata ikipita katikati ya mia. Mmoja hupaka rangi, mwingine hujivunia usukani, mwingine husema magurudumu yake hayalii. Wengi hawakusoma ufundi shuleni. Walianza kama yule mtoto, kwa kuchonga ndogo na kuaibika kidogo.

Kisha ikaja tarehe 17 Januari 2002. Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Mji ulijengwa upya juu ya jiwe jeusi, na mbao, mabati na magunia ya saruji yalipita juu ya chukudu mahali ambapo gari halikuweza kupita. Mwaka 2009 Goma ikapata sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, pale Rond-point Chukudu. Miji mingi husimamisha majenerali na marais. Mji wetu ulimsimamisha mbeba mizigo.

Lakini tusiipambe historia. Chukudu hiyohiyo imeshusha makala na kuni kutoka msitu wa Virunga, mbuga iliyoundwa mwaka 1925. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Kibumba na Mugunga, miti mingi ilikatwa ili watu wapike. Mti mgumu ukiisha, mafundi nao watakosa kitu cha kuchonga. Anayejivunia chukudu yake apande na mkaratusi.

Kwa nyinyi mliohama, najua chukudu ina maana nyingine. Iliwabeba: godoro, sufuria, bibi asiyeweza kutembea, mtoto juu ya gunia. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilipoachwa tupu, mabati na mahema yalifungwa tena juu ya magurudumu ya mbao. Wengine walilazimika kuuza chukudu yao ili wale. Aliyeuza hakuuza mbao tu. Aliuza kazi yake, na pengine urithi wa baba yake.

Ila kuna kitu ambacho hakikuuzwa. Baba aliyepoteza shamba, nyumba na chukudu bado anajua mahali ambapo tundu la gurudumu linapaswa kukaa. Ujuzi huo hauchukuliwi njiani na hauungui kwa lava. Unapotea kwa njia moja tu: mzee akifa kabla ya kumwonyesha mtoto.

Kwa hiyo nawaomba jambo dogo. Jioni ya leo, mwulizeni mzee wa nyumbani alichonga chukudu yake ya kwanza wapi, kwa mti gani, na ilivunjikia wapi. Andikeni kwenye daftari la mtoto. Vitabu vya historia yetu vimejaa majina ya walioshika bunduki. Walioshika randa nao wana haki ya ukurasa wao.

Yule mtoto wa Katoyi nilimwona tena jana. Gurudumu la mbele sasa limenyooka.