Vyombo vya Lamu Vyaishi kwa Shehena

Mvua ikinyesha Gatongora, huko Ruiru, maji yake huishia Mto Athi. Athi ukiteremka nyika huitwa Galana, karibu na pwani huitwa Sabaki, na humwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Mto Thika, hapo jirani, una njia yake: huingia Tana, na Tana hukutana na bahari Kipini, si mbali na visiwa vya Lamu. Kwa hiyo mkaaji wa Ruiru au Thika, hata kama hajakanyaga jahazi maishani, ana mito miwili inayomfikisha bandarini. Naanza na mito kwa makusudi, maana historia ya vyombo vya pwani huandikwa mara nyingi kana kwamba ilianzia Arabuni na kuishia ufukweni.

Mto Tana wenyewe ulikuwa njia ya vyombo. Wapokomo walisafiri humo kwa mitumbwi ya gogo moja, wakashusha mpunga na ndizi hadi mashamba ya chini. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, na baadaye mto mkubwa ukaufuata mfereji huo ukahamia mdomo wa Kipini. Waingereza nao walijaribu: mwaka 1891 stima ndogo iliyoitwa Kenia iliupanda mto huo kutafuta njia ya kibiashara ya kwenda bara. Reli kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa, mwaka 1896, hamu hiyo ikaisha.

Baharini mambo yalikuwa yameanza zamani mno. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza unataja watu wa pwani hii waliotumia vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Ushonaji huo haukukoma kwa karne nyingi, na chombo chake mashuhuri ni mtepe wa Wabajuni na watu wa Pate, Siyu na Faza. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa kwa keekee, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lilikuwa la mraba, la mkeka uliosukwa, na omo, yaani sehemu ya mbele, ilirefushwa kama shingo ya ngamia. Wenyewe walisema ni ngamia wa Mtume. Ulivuja, hilo hakuna anayekataa, na mabaharia walikuwa na zamu ya kufua maji mchana na usiku. Lakini chombo kilichoshonwa hunepa kikigonga mwamba au fungu la mchanga, na katika mikono ya bahari ya Lamu hiyo ni sifa kubwa kuliko ukavu.

Mtepe wa mwisho ulitoweka katika miaka ya 1930. Mwaka 2003 mafundi walishona mwingine mjini Zanzibar, ukapewa jina Shungwaya na kuwekwa ndani ya Beit-al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Huo mtepe wa pili ulijengwa kwa ajili ya makumbusho.

Kilichouondoa mtepe si upepo wala ujinga. Majahazi na mashua ya misumari yalibeba zaidi, na mzigo ulikuwapo. Mzigo mkuu wa Lamu ulikuwa boriti: miti ya mikoko iliyokatwa kwa vipimo, ikaezekea nyumba za Mombasa na Zanzibar, na za Ghuba ambako miti ni haba. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi ilileta mabumu na masambuku kutoka Oman, Kuwait na Uajemi, yakiwa na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Aprili kusi ilipoanza kuvuma yakarejea na boriti. Kusi ikizidi nguvu, Juni na Julai, bahari ilifungwa, na aliyechelewa alikaa. Hapo ndipo alipooa, akajifunza lugha, akaacha watoto. Msimu wa upepo ulipanga kalenda ya harusi, madeni na hata kodi za nyumba.

Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alifika pwani hii ndani ya bumu la Kuwait lililokwenda kupakia boriti huko Rufiji. Kitabu alichokiandika husomwa leo kama maziko ya biashara hiyo, ingawa majahazi yaliendelea kuja kwa miongo mingine. Pigo lililoiumiza Lamu lilitoka Nairobi: mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi. Sababu yake ilieleweka, misitu ilikuwa inakatwa ovyo, lakini hakuna aliyewauliza nahodha, mabaharia na mafundi watakula nini. Mwaka 2018 ikatolewa marufuku ya kukata miti, ikagusa hata boriti za soko la ndani.

Nenda Matondoni, kijiji cha magharibi mwa kisiwa cha Lamu, uone kazi inavyofanyika. Fundi hachori ramani kwenye karatasi. Analaza mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, anasimamisha gubeti omoni na fashini tezini, yaani nguzo za mbele na nyuma, kisha jicho lake linaamua upana wa tumbo. Mataruma, yaani mbavu za chombo, huchaguliwa kwenye matawi yaliyopinda yenyewe porini, maana mti uliopindwa kwa nguvu hauna uaminifu wa ule uliokua hivyo. Mbao zikishagongewa misumari, pamba iliyolowa mafuta husukumwa kwenye mianya. Hiyo ni kalafati, kazi ya patasi na subira. Chini ya maji hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia fukusi wasitoboe mbao. Mwanafunzi hukaa miaka akishika tezo kabla ya kuaminiwa mkuku. Ada ya shule haipo, ila lazima pawe na chombo kinachojengwa. Pasipo agizo hakuna somo.

Ndiyo maana nina shaka kidogo na mashindano ya mashua, ingawa nayapenda. Wakati wa maulidi, tamasha la utamaduni na mwaka mpya, mashua za Lamu hukimbia kuzunguka maboya, mabaharia wamekaa kwenye ubao uliotokezwa nje upande wa upepo, mji mzima ukipiga kelele gatini. Ufundi wa kuendesha tanga umehifadhiwa kwa njia hiyo. Ufundi wa kujenga haukuhifadhiwa sawasawa, kwa kuwa mashua ya mbio haihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na ya kila siku sasa ni ya faiba yenye mashine.

Kuna jaribio moja la kutia moyo. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa fukweni, ndara zikiwemo, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mbinu za kazi zilikuwa zilezile, mkuku na mataruma, mbao tu ndizo zilizobadilika.

Upande wa pili ni bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kuchimba mkondo wake kuliharibu maeneo ya uvuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Wasomaji wa Gatongora wasione madhara ya baharini kuwa ya mbali. Udongo mwekundu wa mashamba ya juu ndio unaotiririka na Sabaki hadi ghuba ya Malindi, ukajaza mchanga pale vilipotia nanga vyombo na kuchafua matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968.

Ombi langu ni la zabuni. Boti za shule, za zahanati na za doria katika visiwa hivi hununuliwa kila mara kwa fedha za umma. Sehemu yake wapewe mafundi wa Matondoni, na kila fundi alazimike kuwa na wanafunzi wawili.