Misheni ya Bagamoyo na Msingi wa Desturi Njema

Katika mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Horner, walivuka kutoka Unguja wakafungua misheni Bagamoyo. Humo waliwakusanya watu waliokombolewa utumwani, wa makabila mbalimbali, walionyang'anywa ukoo na wazee wao. Waliooana walipewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Kengele iliwaita kusali na kulima. Lakini sheria zilikuwa kali, na wengine walitoroka. Basi twaona kwamba amri hukusanya watu, ila undugu ndio uwashikao. Asiye na ukoo alipopata mwenzi wa ndoa, msimamizi wa ubatizo na jirani wa kumzika, ndipo alipopata kwao. Parokia isiyompa mtu kwao ina majengo tu, wala haina msingi wa desturi njema.