Madonge ya Giza ya Bart Bok

Katika anga la usiku mna mabaka meusi yasiyoonyesha nyota hata moja. William Herschel, mwanafalaki maarufu aliyeishi Uingereza, aliyadhani kuwa ni matundu mbinguni. Ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1800 aliweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua, mahali jicho lisipoona kitu, akakuta joto limezidi. Hakujua kuwa miali ile, iitwayo leo infraredi, ingekuja kufunua yaliyomo ndani ya matundu yake.

Mabaka hayo ni mawingu ya gesi na vumbi. Mwaka 1947 Bart Bok, Mholanzi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Edith Reilly, waliyateua madonge madogo ya mviringo, wakasema kuwa yaelekea hiyo ndiyo hatua itanguliayo kuzaliwa kwa nyota. Hoja ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na shahidi. Vumbi lilizuia mwanga usitoke. Miali ya infraredi hupenya vumbi, ila sehemu yake kubwa humezwa na mvuke wa maji hewani. Tena darubini yenyewe, kwa kuwa ina joto, hung'aa kwa miali hiyo hiyo. Ilikuwa kama kumtafuta kimulimuli juu ya makaa ya moto.

Njia ilipatikana tarehe 25 Januari 1983, Marekani, Uholanzi na Uingereza ziliporusha setilaiti ya IRAS. Darubini yake ilipozwa kwa heli ya majimaji hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Ilipima zaidi ya sehemu 95 katika 100 za anga, hata heli ikaisha tarehe 21 Novemba. Miezi kumi tu. Na katikati yake, tarehe 5 Agosti, Bok alifariki dunia.

Mwaka 1990 João Yun na Dan Clemens walipekua vipimo vya IRAS juu ya madonge 248. Katika karibu robo yake waliona dalili za nyota changa. Kichwa cha makala yao kilitangaza kuwa Bart Bok alikuwa sahihi, tena kwa alama ya mshangao, jambo adimu katika majarida ya falaki. Jina la Reilly halikuwamo. Haki ingetaka liwemo. Madonge yaliyosalia hayakuonyesha nyota, na huenda baadhi yake yangali katika hatua ile ile ya kutangulia waliyoitaja wawili wale.