Jiko la Kuni na Ukuta wa Fito
Zamani mafiga yalikaa katikati ya chumba, na ukuta haukuwa na neno. Miaka ya 1980 Maendeleo ya Wanawake ilipoeneza hapa Kenya jiko la kuni lenye chungu cha udongo uliochomwa, wengi walipenda liegemee ukuta ili nafasi ibaki. Kuni zilipungua kweli, lakini nyumba zetu zilikuwa za fito jamani! Udongo ukipasuka kwa joto, fito huungua polepole ndani kwa ndani, na mwenye nyumba hana habari.

Kwa hiyo tulipoanza kukopeshana kwa ajili ya majiko, tulikubaliana: pesa hazitoki mpaka nyuma ya jiko pawe na kikuta cha matofali ya udongo, na kati yake na fito mkono upite, hewa itembee. Wengine walinung'unika. Mama mweka hazina hakubishana. Alifika, akapitisha mkono.