Madhila ya utotoni yanavyochochea maradhi ya ulaji na kutatiza tiba

MTU anayejinyima chakula hadi mifupa ikajitokeza, au anayekula kupita kiasi kisha akajitapisha kisiri, aghalabu huchukuliwa na jamaa zake kuwa mkaidi au mwenye tamaa ya urembo. Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi chanzo cha tatizo hilo hakiko kwenye sahani bali katika madhila waliyoyapitia wakiwa watoto.

Maradhi ya ulaji yanayofahamika zaidi ni matatu. Mgonjwa wa anoreksia hujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Mwenye bulimia hula kwa wingi, kisha hujitapisha au kutumia dawa za kuharisha. Aina ya tatu ni ulafi usiodhibitika, ambapo mtu hula kupindukia bila kujitapisha, kisha akalemewa na aibu.

Uhusiano kati ya dhuluma za utotoni na chakula ulijitokeza bayana katika miaka ya 1980 mjini San Diego, Marekani. Dkt Vincent Felitti, aliyesimamia kliniki ya watu wanene kupindukia, alishangaa kuona wagonjwa waliokuwa wakifaulu kupunguza uzito ndio waliotoroka matibabu. Alipowahoji, wengi walimweleza kuwa walidhulumiwa kimapenzi wakiwa wadogo. Kwao, unene ulikuwa ngao dhidi ya macho ya wanaume. Uzito ulipopungua, hofu ilirejea.

Ugunduzi huo ulizaa utafiti mkubwa ambao Felitti aliufanya pamoja na Dkt Robert Anda. Zaidi ya watu wazima 17,000 walishirikishwa kati ya 1995 na 1997, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka wa 1998. Ilibainika kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za madhila utotoni, ndivyo alivyokabiliwa na hatari zaidi ya msongo wa mawazo, ulevi, unene wa kupindukia na kujaribu kujitoa uhai.

Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa dhuluma za utotoni huhusishwa zaidi na bulimia na ulafi usiodhibitika kuliko anoreksia ya kujinyima chakula pekee.

Kwa nini chakula? Mtoto aliyedhulumiwa hunyang'anywa mamlaka juu ya mwili wake. Kukataa kula humpa hisia kwamba angalau kuna jambo moja analolitawala. Kula kupindukia nako humliwaza kwa muda, na kujitapisha humpunguzia wasiwasi. Kwa hivyo, ugonjwa huwa pia njia ya kujikinga.

Hapo ndipo tiba hutatizika. Daktari akishughulikia uzito pekee, humwondolea mgonjwa ngao yake na kumwacha na jeraha lilelile, na wengi huacha matibabu au kurudia tabia zao.

Hata hivyo, haifai kumhoji mgonjwa kuhusu yaliyompata huku mwili wake ukiwa umedhoofika. Mwaka wa 1945, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya waliojitolea, kwa muda wa miezi sita. Wengi walishikwa na huzuni, wakashindwa kumakinika na wakawa wakiwazia chakula tu. Ubongo wenye njaa hauna nguvu za kukabiliana na kumbukumbu chungu.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuokoa uhai. Mgonjwa aliyekonda sana hurejeshewa chakula polepole chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa kumlisha kwa pupa kunaweza kuvuruga madini ya damu na kusimamisha moyo. Kisha ushauri nasaha kuhusu ulaji na kuhusu kiwewe huendeshwa kwa pamoja.

Namna ya kumhudumia pia ina uzito. Kumshika kwa nguvu au kumvua nguo ili apimwe uzito bila maelezo kunaweza kumkumbusha unyama aliotendewa.

Aidha, matibabu yanayowapa wazazi jukumu la kusimamia milo yamewafaa vijana wengi wenye anoreksia. Lakini iwapo mdhalimu anaishi katika nyumba hiyo, usalama wa mtoto hutangulia mpango wowote wa chakula.

Hii haimaanishi kuwa kila mgonjwa alidhulumiwa. Urithi wa kijenetiki, shinikizo la rika na tabia ya kujinyima chakula ili kupunguza uzito huchangia pia, na si haki kumlaumu kila mzazi.

Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume wa umri wa kati ya miaka 18 na 24 walidhulumiwa kimapenzi kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoto anayekwepa kula na wenzake, anayekimbilia msalani kila baada ya mlo au anayekonda ghafla hahitaji kukaripiwa. Anahitaji kupelekwa kwa daktari, na mtu mzima atakayemsikiliza bila kumhukumu. Visa vya dhuluma dhidi ya watoto huripotiwa bila malipo kwa nambari ya simu 116.